Folda ya ofisi inawakataa wanaochelewa kufika kila Jumatatu

Karani wa Kisasa:
Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia kompyuta za ofisi ndogo hapa Kisasa, Dodoma. Mafaili yetu yote yapo katika kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10 Pro, ambayo sisi tunaiita seva. Siku nyingine hakuna lalamiko, lakini kila Jumatatu, maofisa wa nyanjani wanapokuja kutoka Bahi, Kongwa na Chamwino kuwasilisha taarifa zao, wapo wanaofungua folda bila shida na wapo wanaoambiwa kwamba kompyuta hiyo haiwezi kupokea miunganisho zaidi kwa sasa. Nimebadilisha swichi ya mtandao, yaani kile kifaa kinachounganisha kompyuta zetu kwa kebo, nimebana upya vichwa vya kebo, na nikiipima seva kwa ping, ile amri ya kuangalia kama kompyuta inafikika kwenye mtandao, kutoka kwenye kompyuta inayokataliwa, inajibu vizuri. Cha ajabu ni kwamba mmoja akizima kompyuta yake akaenda kunywa chai, mwingine anaingia. Je, inawezekana swichi mpya nayo ni mbovu?

Fundi wa Area C:
Swichi haina kosa, na pole kwa fedha iliyokwenda. Chai hiyo ndiyo inayokupa jibu. Windows 10 Pro si toleo la seva, na leseni yake inaruhusu vifaa vingine visivyozidi 20 kutumia mafaili na printa zake kwa wakati mmoja. Kifaa cha 21 hukataliwa hata kebo iwe mpya kiasi gani. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike `net config server`, nawe utaiona idadi hiyo kwa macho yako. Kisha andika `net session` ili ujue ni nani walioshika nafasi. Usishangae kuikuta mashine ya fotokopi, kwa sababu ikiwa inaskani na kutuma nakala kwenye folda ya pamoja, nayo huhesabiwa.

Karani wa Kisasa:
Ni kweli, idadi ya juu ni 20, na fotokopi imo. Imo pia kompyuta ya mhasibu aliye likizoni, ambayo iliachwa ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, faili la mishahara likiwa wazi.

Bibi Mitandao:
Hiyo ya mhasibu isingeondoka yenyewe. Kwa kawaida Windows hukata muunganisho uliokaa dakika 15 bila kazi, na unaweza kupunguza muda huo kwa `net config server /autodisconnect:5`, lakini mwenye faili lililo wazi haguswi. Kwa hiyo, amri hiyo ni dawa ya kutuliza tu. Tafadhali usiwasikilize wanaoshauri kuchokonoa mafaili ya mfumo ili kuvuka 20, kwa kuwa huko ni kuvunja mkataba wa leseni.

Ukihamia Windows Server, utahitaji leseni ya kila mtumiaji au ya kila kifaa, juu ya leseni ya seva yenyewe. Iwapo maofisa watatu hupokezana kompyuta moja, leseni ya kifaa ni nafuu. Iwapo ofisa mmoja ana kompyuta mpakato na nyingine ya mezani, chukua ya mtumiaji. Seva haitamfungia mtu folda kwa kukosa leseni hizo, ila siku ya ukaguzi utaulizwa. Kama haja yenu ni mafaili tu, mimi ningeweka Linux, mfumo endeshi wa bure, yenye Samba, programu ya kushirikisha mafaili na kompyuta za Windows, ambayo haina ukomo huo wala malipo ya leseni. Vyovyote vile mngelazimika kuhama, maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Karani wa Kisasa:
Nashukuru sana, dada. Samba inatufaa, isipokuwa programu ya uhasibu iliyomo katika seva hiyo inahitaji Windows.

Fundi wa Area C:
Kwa sasa iache hapo hapo, uhamishe folda peke yake. Wahasibu wako hawafiki 20, na fotokopi uielekeze kwenye seva mpya siku hiyo hiyo.