Tuliigiza uchumba chuoni, sasa shangazi anasubiri barua ya posa

Binti wa Mpwapwa:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu salaam. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo siwezi kulizungumza hosteli.

Nilipokuwa mwaka wa pili, mjomba alileta habari za mposaji, mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa, mtu mwenye uwezo na heshima zake, ila moyo wangu haukumkubali. Ili habari hizo zisifike kwa baba, nilimwambia shangazi yangu anayeishi Chang'ombe hapa mjini kwamba tayari nina mchumba chuoni. Shangazi alitaka kumwona. Nikamwomba kijana tuliyekuwa tukijisomea naye kwenye vimbweta aje ajitambulishe kwa jina hilo, na mimi ndiye niliyeweka masharti: pasiwe na ahadi yoyote kati yetu, wala asinishike hata mkono tukiwa peke yetu, na mambo yote yaishe baada ya mitihani ya mwaka huo. Shangazi alimpikia ugali wa uwele na mlenda, akamhoji juu ya ukoo wake hadi kwa babu zake, na tangu siku hiyo humwita mkwe. Kisha yeye mwenyewe akamjibu mjomba kwamba binti ana mtu wake, na mshenga wa upande ule akarudi bila kitu.

Mitihani iliisha, lakini hatukuacha. Wakati wa mafunzo kwa vitendo yeye alipangiwa Singida nami Kongwa, lakini aliendelea kunipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimekula, na mimi nikawa ninaingoja simu hiyo tangu mchana. Sasa ninampenda kweli. Yeye hajatamka neno, nami ninaogopa kwamba nikitamka atajiona amebanwa na wema alionitendea. Wakati huohuo shangazi anataka barua ya posa ifike nyumbani kabla ya mitihani ya mwezi wa saba, kwa sababu baada ya hapo kila mtu atarudi kwao. Nianze na nani, na niseme nini?

Mama Nzuguni:

Marahaba mwanangu. Jambo lililo kubwa kuliko yote katika maelezo yako umelipitia haraka, nalo ni zile simu za Singida. Maigizo huhitaji watazamaji. Kule Kongwa hapakuwa na shangazi wa kuridhishwa wala mjomba wa kuzuiwa, na kijana angeweza kunyamaza hadi chuo kifunguliwe bila mtu yeyote kumlaumu. Kama aliendelea kukuuliza umekula nini, basi alikuwa anakuuliza wewe, hakuwa anamjibu shangazi yako.

Hata hivyo hofu yako kwamba atajiona amebanwa ni ya haki, na ninafurahi kwamba unayo, kwa sababu inaonyesha unamjali. Dawa yake ni mpangilio wa maneno. Mwambie kwanza kwamba suala la shangazi utalimaliza wewe mwenyewe, liwe liwalo, na kwamba hadaiwi barua wala chochote. Hilo likishaeleweka, ndipo umwambie unavyojisikia. Ukianza na mapenzi ukamalizia na barua ya posa, atasikia barua tu. Tena usimwandikie ujumbe wa simu, na usimwambie nyumbani kwa shangazi. Mtafute mchana, mahali penye utulivu, wiki ambayo hamna mtihani.

Mkazi wa Makole:

Ninamheshimu mama aliyetangulia, lakini mimi ningeanza na shangazi. Katika jambo hili ni yeye peke yake aliyetoa neno lake mbele ya watu bila kujua ukweli. Wewe ulijua, kijana alijua, yeye hakujua. Katika familia nyingi za kwetu shangazi wa upande wa baba ana sauti kubwa katika ndoa ya binti, na sauti hiyo inasimama juu ya kuaminika kwake. Akiusikia ukweli kutoka kwa mjomba au kutoka kwa rafiki yako wa hosteli, utakuwa umemwaibisha mara mbili.

Msoma Sheria:

Nitasema machache. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari, kwa hiyo ridhaa yako inahitajika hata kama kijana huyu asingekuwepo kabisa. Sheria hiyohiyo inaruhusu mtu kudai fidia kwa kuvunjwa ahadi ya kuoana, na kudai kurejeshewa zawadi zilizotolewa kwa sharti kwamba ndoa ingefungwa. Kwa sababu hiyo, barua isiandikwe na fedha isiwekwe ndani yake kabla ninyi wawili hamjasemezana ukweli, hata kama shangazi anahimiza vipi.

Mhitimu wa Ng'ong'ona:

Dada, ninaongea kama mwanamume niliyemaliza chuo hapohapo. Unasema hajatamka neno, lakini umesahau kwamba wewe ndiye uliyemkataza. Uliweka sharti kwamba pasiwe na ahadi, naye amelishika mwaka mzima. Kijana mwenye adabu hawezi kuwa wa kwanza kuvunja sharti la binti aliyemwomba msaada, kwa sababu ataonekana alisaidia ili alipwe. Wewe ndiye mwenye uwezo wa kuliondoa. Huenda akakubali, huenda akakataa, lakini ukimya wake usiuhesabu kuwa jibu.

Binti wa Mpwapwa:

Ninawashukuru nyote. Hilo la sharti sikuwa nimelifikiria hata kidogo, na nimelisoma mara nyingi tangu jana. Nitazungumza naye Jumamosi, kisha nitakwenda Chang'ombe Jumapili, jibu lake liwe lolote, ili shangazi asikae na jambo hili wiki nyingine. Je, kama akikubali, niende naye kwa shangazi?

Mama Nzuguni:

Hapana, nenda peke yako. Uongo wa kwanza ulitoka kinywani mwako kabla kijana hajaingia katika habari hizi, na shangazi ana haki ya kukukasirikia bila kulazimika kumpikia mgeni. Mwombe radhi, mweleze habari ya mjomba na ya Kibaigwa jinsi ilivyokuwa, kisha mwache aseme yote aliyo nayo. Mkaka akikubali, atakwenda siku nyingine, naye aende na mshenga wake.