Vikao vya MEWAKA vimegeuka usomaji wa moduli: tufanyeje ili walimu watende badala ya kusikiliza?

Chaki Nyeupe (muulizaji)

Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninafundisha shule ya msingi ya serikali katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, na tangu mwaka jana nimepewa jukumu la kuratibu Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) shuleni kwetu. Tupo walimu 14. Kila Alhamisi, wanafunzi wakishaondoka, tunakutana katika chumba cha Darasa la Pili kwa ajili ya jumuiya ya ujifunzaji.

Kusema kweli, ujifunzaji wenyewe ni haba. Nafungua moduli, yaani kitini cha mafunzo, kwenye kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022, nasoma kwa sauti, wenzangu wanasikiliza huku wakisahihisha madaftari, kisha karatasi ya mahudhurio inazunguka, kila mtu anasaini, tunaagana. Wiki iliyopita tulisoma sehemu inayohusu ufundishaji shirikishi, na nilipomaliza nikabaini kwamba kwa dakika arobaini hakuna aliyefungua kinywa isipokuwa mwalimu wa zamu, aliyeomba ruhusa ya kwenda kufunga ofisi.

Siilaumu moduli, kwa kuwa yaliyomo ni mambo ya msingi. Ninachoomba ni uzoefu wa waliofanikiwa kuendesha vikao ambavyo mwalimu analazimika kufikiri, kujaribu jambo na kulipeleka darasani siku inayofuata. Mzingatie kwamba shule yetu haina fungu la chai, sembuse la kumwalika mwezeshaji kutoka nje.

Mkufunzi Mstaafu

Mwalimu, hali unayoieleza ina historia. Kwa miaka mingi mafunzo kazini yaliendeshwa kwa ngazi: walimu wachache waliitwa chuoni au makao makuu ya wilaya, wakakaa siku kadhaa, kisha wakatarajiwa kurudi na kuwafundisha wenzao, na kila ngazi ikapunguza kitu, hata kilichofika shuleni mara nyingi kikawa ni bango kitita lililokunjwa na kuhifadhiwa kabatini. Kuyaleta mafunzo shuleni, kama MEWAKA inavyoelekeza, kuliondoa tatizo la umbali. Hakukuondoa hotuba. Hotuba inayosomwa katika chumba cha Darasa la Pili haina tofauti na ile iliyosomwa ukumbini mjini, ila ya mjini ilikuwa na posho.

Ushauri wangu ni kwamba kikao kisianze na moduli. Kianze na madaftari ya wanafunzi. Nikiwa bado kazini niliwahi kualikwa katika shule moja ambako walimu walilalamika kwamba watoto wa Darasa la Tatu hawajui kutoa. Tukaweka mezani daftari moja lenye alama nyekundu za kukosa. Mtoto alikuwa ameandika 52 − 27 = 35, na chini yake 81 − 46 = 45. Walimu wawili wakasema mara moja kwamba ni uzembe. Nikafunika sehemu iliyobaki ya ukurasa kwa karatasi, nikawaomba watabiri mtoto huyo alijibu nini katika swali la 63 − 38. Wakakaa kimya kidogo, wakaandika, wakalinganisha, na baada ya dakika chache karibu wote walikuwa wameandika 35. Nilipofunua, ilikuwa 35 kweli. Mtoto hakuwa akibahatisha hata kidogo: katika kila safu alichukua tarakimu kubwa akaitoa ndogo, bila kujali ipi ipo juu, na alikuwa mwaminifu kwa kanuni hiyo ukurasa mzima.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Tukaleta vijiti vya ufagio, tukafunga mafungu ya kumi kumi, na mwalimu mmoja akafundisha kutoa kwa kuchukua huku wenzake wakijifanya wanafunzi. Mmoja wa hao "wanafunzi" akakataa kabisa kufungua fungu, akidai kwamba amekatazwa nyumbani kuharibu vitu. Tulicheka sana, lakini mfundishaji alilazimika kueleza kwa nini fungu linafunguliwa, na maelezo yake ya kwanza hayakutosha. Akajaribu tena. Moduli ilifunguliwa baadaye kabisa, tukasoma kurasa mbili tu, na safari hii zilisomwa na watu waliokuwa na swali. Kila mmoja akaondoka na ahadi ya kufundisha kipindi kimoja kwa namna hiyo na kurudi wiki iliyofuata na madaftari matano.

Mkondo B

Naheshimu maelezo ya Mkufunzi, lakini naomba tusisahau mazingira. Darasa langu lina wanafunzi 118, na saa za kikao ninakuwa sijala tangu asubuhi. Hata hayo yakivumilika, lipo gumu zaidi: ni mwalimu gani atakayepeleka mezani madaftari ya darasa lake yaliyojaa makosa, mbele ya mwalimu mkuu yule yule anayepitia utendaji wake kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi? Shuleni kwetu lilijaribiwa mara moja. Mwenzetu mmoja alileta madaftari, akaulizwa kwa nini hajamaliza mada kulingana na azimio la kazi, na kikao kikageuka baraza la kumhoji. Tangu siku hiyo kila mtu huleta daftari la mwanafunzi wake bora.

Mwalimu wa Kilifi

Nawasalimu kutoka Kenya. Hofu ya Mkondo B ni ya kweli, na nadhani dawa yake ni kufanya somo liwe la kundi tangu mwanzo. Walimu wa sayansi na Hisabati huku wanaukumbuka mradi wa SMASSE, wa kuimarisha ufundishaji wa masomo hayo sekondari, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani. Mradi huo nao ulikuwa na semina za ngazi kwa ngazi pamoja na udhaifu wake, lakini ulituachia mzunguko mmoja ninaoutumia hadi leo: panga, tenda, tazama, boresha.

Katika idara yetu tunaandaa andalio la somo watatu, mmoja analifundisha, na wawili wanakaa nyuma. Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba watazamaji hawaandiki lolote kuhusu mwalimu; kila mmoja anapewa wanafunzi wanne na kuandika wanachofanya tu. Muhula uliopita nilifundisha jaribio la kupima jotoridi la maji yanayochemka, na niliridhika nalo. Mtazamaji mmoja akaniletea karatasi yake: katika kundi alilolitazama, mvulana mmoja alishika kipimajoto kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wasichana watatu walinakili namba alizotaja. Nisingeliona hilo nikiwa mbele ya darasa. Kwa kuwa andalio lilikuwa letu sote, hakuna aliyenishtaki; tuliandika upya hatua ya tatu ili kipimajoto kibadilishe mikono kila baada ya dakika mbili, na mwenzangu akalifundisha somo hilo katika mkondo wake.

Mkufunzi Mstaafu

Naongezea neno moja kwa Mkondo B. Mwalimu mkuu akiwa na kipindi anachofundisha, madaftari ya kwanza kuwekwa mezani yawe ya darasa lake. Akikataa, msilete ya mtu yeyote. Tumieni makosa mliyoyaandika upya ubaoni bila jina la mtoto wala la mkondo, mpaka watu wazoeane. Suala la idadi ya wanafunzi sina jibu lake, wala sitajifanya ninalo.

Chaki Nyeupe (muulizaji)

Shikamoo Mkufunzi, na asanteni nyote. Leo asubuhi nimezungumza na mwalimu mkuu, ambaye anafundisha Hisabati Darasa la Tano. Alisita kidogo, akauliza kama lazima yawe madaftari ya wiki hii, kisha akakubali kuleta sita. Kikao tumekihamishia Jumatano, mara baada ya uji wa saa nne, kwa nusu saa, na walimu wa zamu wawili watabaki na madarasa kwa kupokezana. Karatasi ya mahudhurio nimeichora upya: mbele ya sahihi nimeongeza safu ya kuandika jambo moja ambalo mwalimu atalijaribu kabla ya Jumatano inayofuata. Mwalimu wa taaluma ameshauliza itakuwaje kwa asiyeandika kitu. Nimemjibu kwamba safu yake itabaki wazi, na karatasi itabandikwa ofisini kama ilivyo.