Kaseti za nyimbo za miaka ya 90: kuziingiza kwenye kompyuta na kujua ni za nani

Mdau_wa_Ilala
Wakuu, habari za wakati huu. Nina kaseti za C-60 na C-90 (za dakika 60 na 90) zenye nyimbo zilizotamba miaka ya 90: dansi iliyorekodiwa redioni, taarabu, na rap ya mwanzo ya Kiswahili. Nimechomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti hadi laptopu. Sauti imepasuka, stereo hakuna, na nyimbo nyingine zinakimbia. Nirekebishe nini? Na wimbo usioandikwa jina nitajuaje ni wa bendi gani, mwaka gani?

fundi_hedi
Mkuu, tundu la laptopu hilo ni la maiki. Ni mono (njia moja tu ya sauti) na linategemea sauti ndogo sana, ndiyo maana sauti ya redio inapasuka. Tafuta kifaa cha USB chenye maingizo mawili ya laini, nyekundu na nyeupe, na deki yenye "line out" (tundu la kutolea sauti isiyopitia volyumu). Kama huna deki, tumia hilohilo tundu la hedifoni, ila volyumu ianzie robo.

Kabla ya kucheza chochote, safisha hedi (kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe) na kigurudumu cha mpira kwa spiriti isiyo na mafuta na pamba ya kijiti. Spiriti ya 90% kwenda juu ndiyo nzuri, ile ya 70% ina maji mengi. Angalia pia kile kipande cha sponji nyuma ya utepe. Kikidondoka, utepe haugusi hedi vizuri na sauti inakuja na kupotea. Ukiona unga mweupe kwenye utepe hiyo ni kuvu, usiicheze, maana itachafua hedi na kuambukiza kaseti zinazofuata. Peleka kaseti nzima mbele na kurudisha mara moja ndipo urekodi, kwa sababu utepe uliokaa miaka mingi hushikamana.

Programu ya kurekodi, Audacity inatosha. Weka 44.1 kHz, biti 24, na kilele cha sauti kisipite -6 dB. Saa moja ya stereo hivyo inakula kama MB 950. Hifadhi hiyo kama WAV (faili lisilobanwa) kwanza, MP3 utatengeneza baadaye.

Kinanda_cha_Pwani
Naongezea kuhusu sauti butu, maana watu hukimbilia kuongeza trebo. Mara nyingi tatizo ni pembe ya hedi. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka sauti kwenye mono, zungusha kidogo sana, hata robo raundi ni nyingi, mpaka matoazi yasikike wazi. Chora alama ya pale ilipokuwa kabla ya kuigusa. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine inataka pembe yake, kwa hiyo utarudia. Dolby (kipunguza "shhh" cha deki) izime, isipokuwa kaseti imeandikwa Dolby.

Mwendo: tafuta wimbo huohuo, rekodi ileile, kwenye CD. Kama CD ni dakika 5:00 na kaseti yako 4:48, punguza mwendo kwa 4% kwa ile amri ya Audacity inayobadilisha mwendo na mlio pamoja. Usitumie inayobadilisha mwendo peke yake, gitaa litabaki juu.

Ukae_Daima
Kwenye majina sikiliza vibwagizo, bendi zilikuwa zinajitaja. "Sikinde" ni Mlimani Park, "Ndekule" ni Orchestra Safari Sound, "Pambamoto" ni Vijana Jazz. Msondo, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyobadilika jina pamoja na chama, ni rahisi zaidi: wakitaja JUWATA ni kabla ya mwanzo wa miaka ya 90, wakitaja OTTU ni baada ya hapo. Lakini angalia, redio ilikuwa inarudia nyimbo za zamani, kwa hiyo tarehe ya kurekodi kaseti si tarehe ya wimbo. Ukisikia tangazo la Radio One kati ya nyimbo, kaseti ni ya 1994 au baada.

Rap: Saleh J kwenye mdundo wa "Ice Ice Baby" ni 1991. "Hali Halisi" ya Mr. II ni 1998, na binafsi nasema hiyo ndiyo iliyowafanya wazee waikubali rap.

Taarabu yenye kinanda cha umeme na mipasho, anza kuitafuta kwa vikundi vya East African Melody, Muungano au TOT (Tanzania One Theatre). Ikiwa na fidla nyingi na ganuni (ala ya nyuzi nyingi), geukia Zanzibar: Culture Musical Club au Ikhwani Safaa.

fundi_hedi
Zile zilizorekodiwa kutoka redio ya masafa ya kati (AM), hifadhi mono na ukate kila kitu juu ya 7 kHz. Huko juu kuna "shhh" tu, muziki hakuna. Ila ufanye hivyo kwenye nakala, WAV ya kwanza usiiguse.

Mdau_wa_Ilala
Shukrani wakuu. Je, C-120?

fundi_hedi
Utepe wake mwembamba, unavutika na kuliwa na mashine. Usirudishe nyuma kwa kasi ya mota, tumia kalamu ya Bic, na urekodi kwa mpigo mmoja.