Mitetea wamenenepa, vifaranga wanafia ndani ya yai: naomba ushauri

Wakuu, habari za majukumu. Nafuga wazazi wa kuku wa nyama. Mitetea wamenenepa mno, naokota mayai ya viini viwili na mengine ya ganda laini. Hapo sishangai sana: jamii hii ikila bila kipimo, homoni huyumba na viini viwili hukomaa kwa mpigo.

Kinachoniumiza kichwa ni mashine ya kutotolesha. Joto ni 37.5, mayai yanageuzwa, nikimulika siku ya 18 wengi wako hai. Halafu wanafia humo humo bila kutoboa ganda.

Nimesoma kwamba mtetea huweka homoni za thairoidi (tezi ya shingoni) kwenye kiini, na kifaranga huzihitaji hasa siku za mwisho, anapovuta kiini tumboni na kuanza kupumua kwa mapafu. Homoni hizo hutengenezwa kwa madini joto. Chakula nachanganya mwenyewe, na chumvi ninayotia ni ya mawe, haina madini joto.

Je, nianze na premiksi (mchanganyiko wa madini na vitamini wa kutia kwenye chakula) au kupunguza chakula? Nikipunguza ghafla, hawatagoma kutaga? Tafadhali msiniambie nichinje wote, majogoo bado wako vizuri.