Amenivua kofia mbele za watu, eti mimi si shabiki wa besiboli!

Wakuu,

Nimeingia ndani sasa hivi kutoka mnadani Msalato na mikono bado inatetemeka, kwa hiyo maneno yakipishana mnivumilie. Yule jamaa mnamjua. Dodoma nzima inamjua, kuanzia Nkuhungu mpaka Kisasa. Yule wa kofia ya New York Yankees, timu ya besiboli, yenye stika inayong'aa kwenye ukingo, hajaibandua mpaka leo ili tusisahau kwamba ni mpya. Yule aliyekaa Marekani wiki mbili akarudi kaisahau hata njia ya kwenda kwao.

Leo amenivua kofia. Mimi mtu mzima, baba wa watu, kanivua kofia kichwani mbele ya meza nzima, akaenda kumvika MCHOMA NYAMA!

Nilikuwa nawasimulia wenzangu ile mechi ya tatu ya fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Oktoba 2025, Dodgers wa Los Angeles na Blue Jays wa Toronto. Mechi ya awamu 9, kila awamu timu zote zinapokezana kupiga, ikaenda awamu 18! Kwa saa zetu ilianza saa tisa usiku, na Freddie Freeman wa Dodgers akaja kuimaliza kwa kuupiga mpira ukavuka uzio, 6-5, huku sisi inakaribia saa nne asubuhi na watu wameshafika maofisini. Nimefika kwa Ohtani, yule Mjapani wa Dodgers, jinsi alivyofika besi, vile vituo anavyokimbilia mpigaji, mara 9 katika mechi moja, mpaka wapinzani wakawa wanampa besi ya bure kuliko kumrushia. Meza imetulia, watu wanasikiliza, hata nyama wameisahau. Ndipo yule bwana akainuka: "Wewe hayo umeyaona kwenye simu. Shabiki wa kweli ni aliyekaa uwanjani." Mkono ukaja, kofia ikaenda.

Kofia yangu ya bluu ya Dodgers! Niliichambua mwenyewe kwenye mitumba ya Sabasaba, nikaifua kwa mkono, nikaianika juu ya bakuli isipoteze umbo. Leo inakaa kwenye kichwa cha mtu anayegeuza mbavu za mbuzi, moshi wote wa Msalato unaingia humo. Meza ikacheka. Kuna mmoja alicheka soda ikamtokea puani. Na mchoma nyama naye, badala ya kunirudishia, akaigeuza nyuma mbele akauliza kama imempendeza!

Jamani, huyu nani kampa kazi ya msajili wa mashabiki? Nikamuuliza swali moja tu: mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani ni nani? Kimya. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, akiwa na timu ya Pirates, Aprili 2017, na mara yake ya kwanza kabisa kusimama kupiga akafika besi ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini namba 42 haipewi mchezaji wa timu yoyote kule. Akasema "hayo ni mambo ya Google". Jackie Robinson, mwenye namba hiyo, mambo ya Google! Mtu aliyeingia ligi ile Aprili 1947, mweusi peke yake uwanjani, akatukanwa na bado akacheza! Huyu wetu kakaa uwanjani mara moja na anachokumbuka ni bei ya soseji.

Mimi naweka kengele saa tisa usiku nyumba nzima imelala. Naangalia chini ya shuka nisimwamshe mtoto, bando linakata awamu ya saba, naunga lingine. Nina daftari la mistari, kila mpigaji naandika katokaje. Cubs, timu ya Chicago, walichukua ubingwa 1908 wakaja kuuchukua tena 2016, miaka 108. Kuna watu wamezaliwa, wamezeeka na wamezikwa wanawasikiliza kwenye redio tu. Nao angewavua kofia awavike wachoma nyama?

Najua yumo humu anasoma. Bwana stika, hiyo New York yako ilipigwa 4-1 na Dodgers kwenye fainali ya 2024. Uliinunua kwa dola, hongera. Yangu ya mitumba, na ninaitaka.

MCHOMA NYAMA, wakuu!

---

Zabibu Chungu: Pole sana mkuu. Hiyo nyama lakini mliila?

Mzawa wa Makole: Yule bwana simpendi, ila leo kapatia. Mtu hata mpira wenyewe hujawahi kuushika, unatuletea daftari.

Vumbi la Nzuguni: Muacheni. Nusu ya vijana wa mji huu wanavaa NY na wanadhani ni kampuni inayotengeneza kofia. Huyu angalau anajua timu.

Mleta uzi: @Mzawa wa Makole hoja si mpira kuushika. Hoja ni kwamba mtu kanyoosha mkono, kavua kofia kichwani kwangu, kamvika mchoma nyama. Wewe ungekaa?

Mzawa wa Makole: Ningekaa. Nyama ilikuwa haijaiva.

Mtoto wa Upanga: Mimi nimesoma Dar, pale Azania kuna uwanja kabisa wa besiboli, uliojengwa kwa msaada wa Wajapani. Ule mpira ni mgumu, ukikupata mbavuni usiku hulali. Mleta uzi na mwenye stika wote ni watazamaji. Shabiki ni aliyewahi kuugulia.

Mama Wawili Ipagala: Afadhali uzi huu umekuja. Mume wangu naye siku hizi anaamka saa tisa usiku, nikadhani ana mwanamke. Kumbe ni Wajapani na Wamarekani wanarushiana mpira. Asubuhi bando la nyumba limeisha, mtoto hana la kufanyia kazi za shule. Na daftari analo. Mleta uzi, wewe si mume wangu kweli?

Zabibu Chungu: 😂😂😂 Mkuu jibu swali la shemeji.

Mleta uzi: Dada yangu, mimi naishi Chang'ombe. Tusitoke kwenye mada. Kofia bado anayo.

Mwananchi Halisi: Huo ushabiki wa kuamka usiku ni wa nini wakati nyumbani kuna Yanga? Novemba 2023 sikuhitaji kengele. Simba alipigwa 5-1 jua bado linawaka.

Mnyama Kondoa: @Mwananchi Halisi umeanza. Mei 2012 tano bila ulikuwa wapi? Au ulikuwa hujawa shabiki?

Mwananchi Halisi: Nilikuwa mdogo.

Mnyama Kondoa: Ana hamsini na kitu huyu, nimesoma naye.

Mleta uzi: Wakuu, nimeanzisha uzi wa besiboli. Mtu kavuliwa kofia.

Dereva Boda Area C: Halafu huyo mchoma nyama anayetajwa ni yule wa upande wa kuingilia, mwenye aproni ya kijani? Huyo ni wa kushtakiwa. Wiki iliyopita nimemwambia nusu kilo ya mguu, kanipimia mbele yangu, imerudi kutoka motoni mifupa mitupu. Nauliza nyama iko wapi, ananiambia imenywea.

Mama Wawili Ipagala: Huyo huyo! Kwangu ilinywea hadi nikaletewa shingo, na nilichagua mbavu.

Vumbi la Nzuguni: Na kachumbari siku hizi anaiuza kando. Tangu lini mnadani kachumbari ikauzwa?

Mleta uzi: Ndiye aliyevikwa kofia yangu.

Dereva Boda Area C: Mkuu subiri kwanza. @Vumbi la Nzuguni kachumbari shilingi ngapi?

Vumbi la Nzuguni: Mia tano. Kisahani kidogo, vitunguu vitatu na nyanya moja.

Zabibu Chungu: Hamieni upande wa nyuma, karibu na wanapofunga ng'ombe. Kuna mama anachoma ndizi na kachumbari anakurundikia bure, pilipili unajitwangia mwenyewe.

Mtoto wa Upanga: Yule mama Jumamosi hii hakuja. Nimemtafuta mpaka jua limezama.

Mnyama Kondoa: Kahamia Sabasaba, bei imepanda.