Wasifu wa watu waliosahaulika: tuanze na nani, na tutapimaje kinachosemwa?

MsomajiSoweto (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Tuna kikundi kidogo hapa Moshi, tunataka kusoma pamoja wasifu wa watu waliojenga nchi hii ambao vitabu vya shule huwapitia kwa mstari mmoja tu. Tumependa kuanza na wa huku kwetu: Kirilo Japhet, Mangi Meli (mangi ni mtawala wa Wachagga), Yohani Lauwo, Lucy Lameck. Vitabu vyenyewe ni vichache, na vikipatikana tarehe hazipatani, tena kila mwandishi ana mtu wake wa kumsifia. Wenye uzoefu tupeni utaratibu.

KaloleniArusha
Anzeni na Kirilo, msisite. Habari zake zimeacha karatasi nyingi, kwa hiyo mtajifunzia kupima mahali ambapo kipimo kipo.

Novemba 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo akaenda New York kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Uingereza iliitawala chini ya usimamizi wa Umoja huo. Kitabu cha kutafuta ni The Meru Land Case, kilichotoka Nairobi mwaka 1967. Waandishi ni Kirilo mwenyewe na wakili wake, Earle Seaton wa Bermuda. Maana yake mnamsikiliza mlalamikaji akieleza shauri lake. Ni kitabu cha thamani kubwa, ila kisomeni mkijua hivyo tangu ukurasa wa kwanza.

Daftari ligawanyeni safu tatu: dai, mwandishi amelitoa wapi, na nani mwingine analithibitisha. Msiandike kila kitu, mtachoka sura ya pili. Andikeni tarehe, idadi, na kila mahali panaposemwa fulani alikuwa "wa kwanza". Hapo ndipo wasifu huvimba.

Kisha ingieni maktaba ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa, ni bure. Malalamiko yaliyotoka Tanganyika yana alama inayoanza na T/PET.2, na majibu ya serikali ya Uingereza yanaanza na T/OBS.2. Tafuteni kwa neno "Meru", si kwa jina la mtu, kwa sababu makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia. Someni lalamiko na jibu lake siku moja, yakiwa kando kwa kando. Mtaona serikali haikatai kwamba watu walihamishwa. Inachobishania ni sababu na fidia.

Kosa linalowaangusha wengi ni kulinganisha kitabu na kitabu kilichonakili kutoka kwake. Vitabu vitano vyenye chanzo kimoja ni shahidi mmoja. Angalieni tanbihi kwanza.

NjiaYaMarangu
Nakubaliana na mkuu hapo juu. Kuhusu Lauwo niongeze, maana huyo ndiye mtihani wenyewe.

Inasimuliwa kwamba alimwongoza Mjerumani Hans Meyer kufika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, na kwamba alifariki mwaka 1996 akiwa na miaka 125. Fanyeni hesabu kabla ya kupiga makofi. Mtu aliyeishi miaka mingi kuliko wote kwa ushahidi wa nyaraka ni Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122. Wazee wa enzi ile hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri ulikadiriwa kwa rika au kwa tukio kubwa, na makadirio hayo yanaweza kupishana miaka mingi. Ukishaamini kwamba alikuwa na Meyer, umri nao unapangwa ulingane na 1889.

Sasa fungueni kitabu cha safari cha Meyer mwenyewe. Aliyekaa naye kambi ya juu, pamoja na mpanda milima mwenzake Ludwig Purtscheller, anatajwa kwa jina: Muini Amani wa Pangani. Huyo ana kitabu gani leo? Hana. Lakini msirukie kusema Lauwo ni uongo. Wapagazi na waongozaji wengi hawakuandikwa majina, na kutotajwa na Mzungu si ushahidi kwamba mtu hakuwepo. Kwenye safu ya tatu andikeni "haijathibitishwa" na muendelee.

Jambo lingine: nyaraka za Kijerumani zikisema "Moshi" kabla ya reli kufika mwaka 1911, ni Old Moshi. Mangi Meli alinyongwa huko Machi 1900. Ukiisoma kama Moshi mjini, ramani yote inaharibika.

BintiWaTanga
Wanawake hamtawapata mkitafuta kitabu chenye jina lao jaladani. Tafuteni ndani ya vitabu vya wengine. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa chama cha TANU, yumo katika TANU Women cha Susan Geiger, 1997, kwa maneno yake mwenyewe. Mambo mawili ya kuzingatia: mahojiano yalirekodiwa miaka ya 1980, takriban miaka 30 baada ya matukio, na kitabu kinahusu 1955 hadi 1965. Kukamatwa kwake mwaka 1969, kifungo cha maisha na msamaha wa 1972 viko nje ya kipindi hicho. Mkiishia hapo mtapata shujaa tu, nusu nyingine ya maisha yake hamtaijua, na ndiyo inayoeleza kwa nini alisahaulika.

Lucy Lameck ni wa hapo hapo Moshi: alisomea uuguzi, akafanya kazi KNCU (chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro), akasoma Ruskin College, Oxford, baadaye akawa naibu waziri. Kwake fuateni taasisi: hati za ushirika, kisha kumbukumbu za Bunge, ambako hotuba zimeandikwa neno kwa neno. Kwenye faharasa msiishie jina lake, angalieni pia "ushirika" na "wanawake".

MsomajiSoweto (Moshi)
Asanteni sana. Kwa wiki tusome kiasi gani?

KaloleniArusha
Kurasa 40, si zaidi. Zikizidi hapo watu wanasoma hadithi na kuacha tanbihi. Kila wiki mtu mmoja asisome sura kabisa. Kazi yake iwe kufuatilia madai matatu tu ya wiki iliyopita mpaka kwenye hati. Na mkienda Maktaba ya Mkoa, mwulizeni mkutubi vitabu vya kumbukumbu visivyoazimwa, maana vya miaka ya 1960 mara nyingi havikai rafu za mbele.