Wakadiriaji tumechoka: mabosi wanakata namba saa ya mwisho, saiti ikila hasara tunaitwa sisi

Wakuu salama? Mimi sio salama, nimekuja kutema nyongo.

Nafanya ukadiriaji wa gharama za ujenzi upande wa mkandarasi. Kwa wasiojua, sisi ndio tunakaa na michoro na BOQ (ile orodha ya vipimo vya kazi inayojazwa bei) mpaka macho yanawasha, tunapima zege, nondo, kuta, mitaro, tunawaganda masabu-kontrakta, wale wakandarasi wadogo tunaowapa sehemu ya kazi, watupe kotesheni za bei zao, mwisho wa yote inatoka namba moja inaandikwa kwenye fomu ya tenda. Sasa namba tunayoitoa sisi mara nyingi siyo inayopelekwa, na kila aliyewahi kukaa kitengo cha tenda analijua hilo ila watu wamefunga midomo.

Inakuwa hivi. Makadirio yameshafungwa, yamekaguliwa, usiku wa kuamkia tenda bosi anaingia, hata kiti havuti, anaangalia karatasi ya majumuisho tu, anauliza "hii itashinda kweli?" Utamjibu nini wakati hujui wenzako wameweka ngapi? Basi anasema toeni asilimia 8. Tutoe wapi? "Nyie ndio wataalamu, angalieni." Kwamba saruji itashuka bei kwa sababu yeye anaitaka kazi!

Kuna kazi moja ilikuwa na besimenti, uchimbaji mita za ujazo 4,000. BOQ inapima shimo kama lilivyo, lakini udongo ukishachimbwa unavimba, hata dereva wa tipa anajua, na ule ulikuwa mfinyanzi, mita 1 ya shimoni ni kama 1.3 kwenye lori. Hilo la kuvimba ni juu yako mkandarasi kuliweka kwenye reti, yaani bei ya kila kipimo kimoja cha kazi, kwa hiyo nikapiga usafirishaji wa mita 5,200. Bosi akaiona akacheka, "shimo 4,000, hizi 1,200 mmezitoa wapi, au udongo unazaliana?" Na watu wazima na vyeti vyao wakacheka naye. Akavuta kibodi yangu, akafuta, akaandika 4,000, akasevu, faili lina jina langu. Kazi tukashinda, tukapongezwa kwa keki kabisa. Halafu saiti malori yakaanza kubeba udongo ambao kwenye bajeti haupo, mita 1,200 ni safari 100 za tipa la mita 12 na kila safari ina mafuta, ina dereva, ina ada ya kumwaga. Kikao cha hasara kikaitwa, na yule yule aliyefuta akauliza mbele ya watu, "hivi nani alipiga hii earthwork, hii kazi ya udongo?"

Msinielewe vibaya, bosi ana haki ya kukata. Kampuni ni yake, riski ni yake, akitaka kwenda na faida sifuri ili vijana wasikae bila kazi ni uamuzi wa biashara na siingilii. Kata faida. Kata oavahedi, zile gharama za kuendesha ofisi. Weka mstari wake pale chini, andika punguzo la kibiashara, saini. Ninachokataa ni kuingia ndani ya vipimo na reti ukabadilisha ili ionekane kazi yenyewe ndio rahisi, maana lile faili ndilo meneja wa mradi anakabidhiwa kama bajeti, na yeye anaamini anachokisoma, anapanga malori ya mita 4,000.

Halafu hii tabia ya kotesheni. Sabu-kontrakta wa umeme anakaa na michoro yetu anahesabu hadi soketi, anatuma bei yake kwa uaminifu, dakika hiyo hiyo mtu wa manunuzi anampigia mshindani wake, "mwenzako kaja na hii, wewe unaweza ngapi?" Huo ni uchuuzi wa bei za watu. Na tukishapewa kazi tunawarudia tena wote wawili tuwakamue upya. Kisha tunalalamika eti masabu hawana nidhamu, kotesheni zinaingia nusu saa kabla tenda haijafungwa! Wanachelewesha makusudi ili tusipate muda wa kuzitembeza. Wanaoumia ni nyie? Ni mimi, nimekaa na karatasi imeingia sasa hivi, ya chini kuliko zote, bosi anafurahi, ukigeuza ukurasa wa nyuma kwa maandishi ya sisimizi: haijumuishi trei za nyaya, haijumuishi kuchimba na kufukia mitaro, haijumuishi majaribio ya mwisho. Ukiongeza hivyo vitu siyo ya chini tena. Ukisema, unaambiwa unachelewesha tenda.

Upande wa washauri na wateja nao wasijifanye malaika. Mnatupa michoro ambayo muundo haujakamilika, ratiba ya nondo hakuna, mnataka bei moja iliyonyooka hadi senti. Nikakadiria nguzo na kuta kilo 150 za nondo kwa mita ya ujazo kwa sababu ndicho injinia wenu alichonitajia kwenye simu, michoro halisi ikaja na 220. Kwenye zege la mita 300 hizo ni tani 21 za chuma. AACE, chama cha kimataifa cha wataalamu wa gharama, wana madaraja matano ya makadirio kulingana na mradi umeeleweka kiasi gani, na kwa miradi ya viwanda vya kuchakata lile daraja la 5, ambapo usanifu haujavuka asilimia 2, wanakubali gharama inaweza kupanda asilimia 30 hadi 100. Wameandika kabisa, siyo siri. Lile jumba la opera la Sydney mnalopenda kulitolea mfano wa wakadiriaji wabovu, lilikadiriwa dola milioni 7 za Australia mwaka 1957, likafunguliwa 1973 likiwa limekula milioni 102. Lakini ujenzi ulianza 1959 huku mapaa yale hakuna aliyejua yatasimamishwaje. Huyo mkadiriaji alitakiwa apime nini, ndoto?

Kingine kinachoniua ni kwamba gharama halisi za saiti hazirudi kwetu. Mradi ukiisha mafaili yanaenda uhasibu yanafia huko. Fomweki, zile mbao za kumwagia zege, nimeipigia kutumika mara 6, saiti ilitumika mara ngapi? Sijui. Ukiomba unaambiwa ni taarifa za siri. Za siri kwa mtu aliyepanga bei?! Kwa hiyo vijana wapya wanakopi reti za mradi uliopita, ambazo nazo zilikopiwa, ndani yake mna makato ya usiku ule ya bosi ambayo hakuna anayeyakumbuka tena, sasa yamekuwa ndio reti za kampuni. Kijana anajua nondo ya milimita 16 ni kilo 1.58 kwa mita ila hajawahi kutumwa saiti kuona mapishano, pale nondo mbili zinapolaliana, yanakula chuma kiasi gani.

Mimi siku hizi kabla bosi hajaingia nasevu nakala yangu na kujitumia kwenye barua pepe ya ofisi yenye tarehe na saa. Kuna mwenzangu kaniita mchonganishi. Sawa.

Wale wa "si uache kazi" mpite kimya kimya. Nilichotaka kujua kwa walio kwenye hii fani: ofisini kwenu yule anayekata namba saa ya mwisho anasaini popote? Na kama anasaini, mlimfanyaje mpaka akakubali?